Msamaha Usiokuwa Wangu

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakufikia ukiwa na nguvu, wewe pamoja na shemeji, na kwamba kifua cha mtoto kimetulia tangu shemeji alipotuandikia mara ya mwisho. Sisi huku tunasukuma siku. Mama hajambo, ila goti lake la kushoto linamtesa asubuhi, na ukimwambia akapimwe anajibu kwamba goti ni lake na wanajuana. Ameniagiza nikusalimie mara mbili, moja ya kwake na moja ya goti.

Utaona bahasha imetuna na utashangaa, maana unanijua, mimi kuandika ukurasa mmoja ni kazi kama kupandisha mota ya lifti kwa ngazi. Naomba uisome ukiwa umekaa, na usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na magazeti. Kuna jambo linalokuhusu wewe na ile ajali, na nimelikalia miaka sita. Nitalifikia. Nikilitaja sasa hivi nitaanza kujitetea, na kujitetea nimejitetea vya kutosha.

Mwaka juzi nilikudokezea kwamba nahudhuria darasa fulani kila Jumamosi alasiri. Sikueleza zaidi kwa kuogopa utanicheka. Ni darasa la wanaoanza kujifunza mafundisho ya Budha na namna ya kuizoeza akili. Mama alipopata habari aliuliza kama nimebadili dini na kama nitanyoa kichwa. Nilimwambia hakuna aliyeniomba nibadili chochote, na kuhusu kichwa, nywele zenyewe zinaondoka bila kuombwa. Alicheka, lakini wiki nzima alikuwa akinichungulia nikila, kuona kama bado nala kama zamani.

Kilichonipeleka ni hasira. Tangu ile ajali, na tangu wewe ufukuzwe kazi ukahama, nilikuwa mtu wa kulipuka ovyo. Mteja akilalamika kwamba lifti inachelewa, nilimpa maneno yake hapohapo. Siku moja nilirusha spana ikapasua dirisha la karakana, na msimamizi wetu, yule tuliyembatiza Bwana Haraka, akaniambia bila haraka yoyote kwamba nikatafute pa kuiweka hiyo hasira, au nitafute kazi nyingine. Wiki hiyohiyo nilikuwa natengeneza lifti ya kliniki moja ya meno nikaona tangazo ukutani. Lilisema kuna mafunzo ya akili kwa maisha ya kila siku, watu wote wanakaribishwa, waje na soksi safi. Hiyo ya soksi ndiyo iliyonivuta. Nilijiambia kwamba watu wanaofikiria soksi hawawezi kuwa matapeli.

Mwalimu wetu ni mama wa makamo ambaye riziki yake ni kutengeneza meno bandia. Darasa lenyewe ni karakana yake, ghorofa ya pili ya jengo lisilo na lifti. Jumamosi anafunika mashine ya kusagia kwa shuka, anasukuma meza ukutani, anapanga mito sakafuni, nasi tunakaa pale huku tukitazamwa na rafu tatu za meno ya plasta yaliyokenua. Siku ya kwanza nilidhani yananicheka mimi. Tulikuwa watu tisa, na magoti yetu yalilia kila mmoja kwa sauti yake.

Nilitegemea kupewa siri nzito. Nikaambiwa nihesabu pumzi zangu, moja hadi kumi, na nikipotea nirudi moja. Kaka, mimi ninayekumbuka idadi ya skrubu za kila mlango tuliowahi kuufungua, sikufika nne. Moja, mbili, mara nipo kazini nabishana na Bwana Haraka. Nikirudi moja, mara nipo sokoni nachagua nyanya. Mwalimu alisema sote tuko hivyo. Alisema ile dakika unayogundua kwamba umepotea ndiyo mafunzo yenyewe, wala usijitukane, rudi tu. Nilirudi siku hiyo mara mia na zaidi, nikatoka nimechoka kuliko siku tuliyobadilisha kamba za lifti ya hospitali.

Alitufundisha pole pole. Alisema Budha alikuwa mtu kama sisi, aliyekaa akayatazama mateso bila kuyakimbia. Mateso yapo, hilo halina ubishi. Yana chanzo chake, na chanzo ni kung'ang'ania, kutaka dunia iwe vile tunavyotaka na kukisukuma mbali kile tusichokitaka. Yanaweza kukoma. Na njia ya kuyakomesha ipo, ni ya vitendo, inaanzia kwenye ulimi wako na kazi ya mikono yako kabla ya kufika kwenye mto wa kukalia. Alisisitiza tusimwamini kwa kuwa yeye ni mwalimu, twende tukajaribu wenyewe kazini na jikoni, tukiona hayafai tuyaache.

Kuhusu matendo yetu alisimama akachukua kipimo kimoja cha plasta kutoka rafuni. Akasema ukichukua kipimo cha fizi za mtu na plasta ikasogea kidogo tu, kila jino utakalolitengeneza juu yake litakuwa na kosa lile, hata uling'arishe vipi. Hakuna aliyemlaani fundi. Ni kwamba kosa limeingia ndani, na mwenye mdomo atalihisi kila anapotafuna. Wenzangu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nilitazama soksi zangu mpaka alipohamia habari nyingine.

Lakini nilibadilika, siwezi kukataa. Nikawa napumua mara tatu kabla ya kufungua sanduku lolote la umeme. Kulikuwa na bibi mmoja katika yale majumba ya karibu na stesheni aliyekuwa akinisubiri mlangoni ili anitukane kwa niaba ya lifti, nikaanza kumtakia heri kimoyomoyo wakati ananitukana, na baada ya miezi miwili akanikaribisha chai. Bwana Haraka aliniuliza kama naumwa. Nilijiona nimekuwa mtu. Hapo ndipo nilipoharibu.

Yapo mazoezi ya kuwatakia watu heri, na yana mpangilio. Unaanza na nafsi yako, halafu mtu unayempenda, halafu mtu usiyemjua, na mwisho mtu mgumu, yaani yule ambaye ukimfikiria moyo unajikunja. Mwalimu alituomba kila mmoja amchague mtu mgumu wake. Nilikuchagua wewe. Niliwaambia wenzangu kwamba nina kaka yangu, aliyenilea kazini na kunifundisha kushika kifaa, ambaye kwa uzembe wa siku moja alimvunja mama wa watu na kulichafua jina letu, na kwamba nimekuja kujifunza kumsamehe. Nililisema hilo kwa sauti laini kabisa. Na kweli moyo wangu ulikuwa ukijikunja nikikufikiria, kwa hiyo hata mimi niliona kama nasema kweli.

Ndipo nikakuandikia ile barua ya mwaka juzi ya kukwambia kwamba nimekusamehe. Unayo, najua unayo, shemeji aliniambia umeiweka pamoja na vyeti. Nawe ulinijibu ukurasa mmoja. Ulinishukuru. Ulisema nilikuwa mtu wa kwanza wa damu yako kukuandikia neno kama lile, na kwamba siku uliyoipata ulitoka nje ukatembea mpaka mwisho wa barabara bila kurudi kuangalia kama umefunga mlango.

Jibu lako nililisoma darasani. Muuguzi anayekaa mto wa pembeni yangu alilia, wengine wakapiga makofi, ingawa pale hatupigi makofi. Mwalimu peke yake hakupiga. Aliniuliza kama wewe ndiye uliyeniomba msamaha huo. Nikajibu kwamba hapana, nilitoa kwa hiari yangu. Akaitikia tu, akaenda kujaza birika. Nilimwona ana wivu, fikiria upumbavu huo.

Tangu hapo nikawa mfano. Mgeni akija na chuki yake, ataelekezwa kwangu. Wakaniita Bwana Msamaha, na mimi niliitika.

Huku nyuma shemeji alikuwa akimwandikia mama, na mama akinisomea. Aliandika kwamba umeacha kuendesha gari. Kwamba unafunga bomba, unakwenda sebuleni, unarudi kulishika, mara nne au tano, na ukiulizwa unasema hujui tena kama unachokikumbuka umekifanya au umekiota. Kwamba humbebi mtoto ukiwa ngazini, unampa yeye, kwa sababu unadai mikono yako haiaminiki. Mama alikuwa akimaliza kusoma anaikunja barua ile anaipiga pasi kwa kiganja, ananiuliza hivi mtu anaweza kuugua kwa kusahau kitu kimoja. Nilikuwa namjibu kwamba nakuombea heri kila asubuhi. Na ilikuwa kweli, kaka. Kila asubuhi dakika ishirini nilikuwa nakaa nakuombea.

Sasa sikiliza. Mwezi wa tatu mwaka huu alikuja darasani mama mmoja mwenye fimbo. Tulimsikia ngazini kabla hatujamwona, hatua, fimbo, kisha mguu unaoburutwa, na ghorofa mbili zilimchukua karibu robo saa. Alikataa kushikwa mkono. Alipokaa kwenye kiti, maana sakafuni hawezi, alisema aliona tangazo kule anakofanyishwa mazoezi ya mguu. Alisema anataka kufundishwa kuzima moto ulio ndani yake kabla haujammaliza. Mwalimu akamuuliza moto wa nani. Akasema wa mtu ambaye hajawahi kumwona. Alikuwa karani wa mafaili katika ofisi moja, anasukuma kigari cha mafaili kutoka ghorofa hadi ghorofa. Siku moja alifungua mlango wa lifti ghorofa ya tatu kama kawaida yake, akarudi kinyumenyume akivuta kigari, na lifti haikuwapo.

Nilimjua pale pale. Wewe ulifika ameshapelekwa hospitali, na mimi sikuwahi kumwona uso, tulisomewa jina tu. Alisema nyonga yake na paja vimeunganishwa kwa vyuma, na kwamba kila asubuhi, akiinama kufunga kiatu cha mguu mbovu, analitaja jina la fundi aliyeweka sahihi siku hiyo, na kumtakia mabaya. Jina alilisoma kwenye ripoti. Hakulitamka darasani kwa kuwa desturi ya pale hatutajani majina, na mimi nilimshukuru Mungu wangu kwa desturi hiyo.

Basi muuguzi, kwa moyo mwema kabisa, akamwambia amefika mahali pake, kwani tunaye Bwana Msamaha. Wote wakanigeukia. Na mimi nilisimama, kaka. Mdomo ulikuwa umeshazoea. Nilimweleza namna ya kumweka mtu mgumu mbele ya macho ya akili, namna ya kukumbuka kwamba naye anataka kuwa salama kama wewe, namna ya kuvuta pumzi ukichukua uzito wake na kuitoa ukimpa nafuu. Nilimsimulia habari ya kaka yangu, nikaficha kazi yetu. Yule mama alinisikiliza huku machozi yakimtiririka. Mwisho akanyoosha mkono, akaushika wangu, akaniambia kwamba kama mimi nimeweza kumsamehe ndugu yangu, basi naye atajaribu kumsamehe yule mtu wake.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie. Sikulia. Nilitapika.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena. Uso wake ulikuwa umeanza kulegea. Alituambia kwamba siku mbili katika wiki alifunga kiatu bila kulitaja lile jina. Kila mtu alifurahi. Mimi nilikaa nikihesabu pumzi na, amini usiamini, nilifika kumi kila mara, bila kupotea hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeshikilia namba kama mtu anavyoshikilia reli ya ngazi. Jumamosi ya tatu watu walipoondoka nilibaki. Mwalimu alikuwa anafunua mashine yake. Nilimwambia kwamba nina neno, nikamweleza nitakachokueleza wewe sasa. Soma pole pole.

Siku ile tulikuwa na kazi kwenye mlango wa chini asubuhi na mlango wa ghorofa ya tatu mchana. Unakumbuka ule waya mwekundu wenye vibanio ncha zote mbili, tunaoubana kwenye sanduku la umeme kule juu, chumba cha mashine, ili lifti idhani mlango umefungwa hata ukiwa wazi, tupate kuisogeza wakati wa kazi. Kila fundi alipewa nyaya tatu. Asubuhi ulibana mmoja wa kwako kwa ajili ya mlango wa chini. Ulipomaliza ulipanda mwenyewe, ukaubandua, ukaukunja mara mbili, ukautia mfukoni mwa mkoba wako. Nilikuona. Mchana mimi nilibana wa kwangu kwa ajili ya mlango wa ghorofa ya tatu, ule ambao kitasa chake kilikuwa kinakwama. Tukasafisha kitasa, tukajaribu, ukaniuliza kwa sauti kutoka chini kama kule juu ni safi. Nikajibu ni safi. Nilikuwa tayari nimefunga mkoba, nawaza chakula. Ukaniamini, ukaweka sahihi kwenye kadi. Waya wangu ulibaki pale, kwa hiyo lifti iliondoka ghorofa ya tatu hata kitasa kilipokwama tena na mlango kutofungwa.

Hilo ni kosa, na makosa ya namna hiyo yamewahi kuwapata mafundi bora kuliko mimi. Kama ningeishia hapo ningekuwa na cha kusema. Lakini simu ilipoingia karakana saa tisa unusu kwamba mtu ameanguka kwenye shimo, wewe ulikimbia kama ulivyo, ukauacha mkoba wako mezani kando ya wangu. Nilibaki peke yangu. Nikafungua mkoba wangu nikahesabu. Nyaya mbili. Nikahesabu tena. Kisha nikafungua wako, zilikuwa tatu, zimekunjwa vizuri kama kawaida yako. Nikachukua mmoja nikautia kwangu. Haikuchukua hata dakika. Kesho yake wakaguzi walipohesabu, mimi nilikuwa na tatu na wewe mbili.

Na wewe, kaka, ulisimama mbele yao ukasema kwamba unakumbuka kuubandua waya wako, unakumbuka hata ulivyoukunja. Kisha ukautazama mkoba kwa muda mrefu, ukasema kwamba kama mkoba unaonyesha mbili, basi kumbukumbu yako ndiyo yenye kosa. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwako. Niliona uso wako ulipokuwa ukisema hivyo. Kila siku tangu siku hiyo nimejipa sababu: kwamba sahihi ni yako, kwamba kanuni inamtaka mwenye sahihi apande akaone kwa macho yake, kwamba wewe una jina na utapata kazi nyingine, kwamba mimi ndimi ninayekaa na mama. Nilizirudia mpaka zikawa laini, na kutoka kwenye sababu hizo nikapata ujasiri wa kukusamehe. Nilikuibia kwanza akili yako, halafu nikakutumia barua ya huruma, nawe ukanishukuru.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Hakunifariji, na nilikuwa nimetegemea anifariji. Nilimuuliza ni mazoezi gani yanayofaa kwa jambo kama hili. Akasema niache kutafuta mazoezi. Alisema miaka miwili ya kukaa haikupotea, imenifikisha kwenye mlango, lakini huwezi kupita mlangoni ukiwa umekaa. Akaniambia pia kwamba nikisema ili mimi niwe mwepesi, nitakuwa nimekuibia mara ya pili. Niseme kwa sababu kitu ni chako na kinatakiwa kurudi.

Nilitaka wewe uwe wa kwanza kuambiwa. Lakini najijua: ningeandika barua nzuri, ningeisoma, ningejisifu kwa namna ilivyoandikwa, kisha ningeitia kwenye droo. Kwa hiyo nilianza mahali ambapo hakuna kurudi nyuma. Jumatatu nilikwenda ofisi ya leseni nikaandika maelezo yote, nikayatia sahihi nakala tatu. Kutoka hapo nikaenda kwa Bwana Haraka. Alisoma nakala yake mara mbili, akanyoosha mkono kuupokea mkoba wangu, akanigeuzia mgongo. Baadaye nilisikia akiwaambia mafundi, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba alikufukuza wewe kwa mdomo wake mwenyewe.

Jumatano nilikwenda kwa yule mama wa mafaili. Alikuwa anashona kifungo cha sweta. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, maana sikuona haki ya kuketi. Hakupiga kelele. Alishona mpaka uzi ukaisha, akaukata kwa meno, akaniambia niondoke. Nilipofika uani akaniita. Aliuliza kama yule aliyekuwa akimtaja kila asubuhi kwa miaka sita hakuwa na hatia yoyote. Nilisema hakuwa nayo. Akaniomba anwani yako, akanipa karatasi niiandike mwenyewe. Barua yake itakufikia karibu wakati mmoja na hii. Mimi hakuniambia neno lingine, na darasani sijarudi, ili yeye apate kwenda kwa amani.

Mama nilimwambia jana baada ya chakula cha mchana. Alinyanyuka akafagia sebule iliyokuwa imeshafagiwa. Alifagia mpaka pembeni nyuma ya kabati, na lile goti lake. Kisha akakaa, akasema kwamba miaka sita amekuwa akimwambia mwanawe mkubwa kwa simu asijali, kusahau ni ubinadamu, na kila alipomwambia hivyo alikuwa akimpigilia msumari. Akauliza nani atakayekwambia. Nikasema mimi. Akasema niandike kwa mkono, kukicha tu, na nisijipambe. Ameshapanga nguo zake. Anakuja kwenu Ijumaa kwa basi la asubuhi, na amesema nisimsindikize hata kituoni.

Kuhusu mambo ya ofisi, watakuita tarehe kumi na nne ya mwezi ujao. Maelezo yangu yatasomwa mbele yako na una haki ya kuniuliza chochote, nami nitajibu. Leseni yako itarudishwa, wamesema kinachotakiwa ni uwepo wako tu. Yangu wameshaichukua. Yatakayonipata mimi baada ya hapo ni ya sheria na sitayakimbia. Kama hutaki kuniona siku hiyo, mwambie shemeji aandike mstari mmoja, nitakaa chumba kingine.

Utaona kwamba sikukuomba msamaha popote katika kurasa hizi. Si kwamba siuhitaji. Neno hilo niliwahi kulitumia kwako kama mali yangu, na silishiki tena. Ile barua yangu ya zamani itoe kwenye vyeti uichome, au umpe mtoto achoree.

Msalimie sana shemeji, na mwambie mimi ndimi niliyemletea mume mgonjwa nyumbani. Mbusu mtoto. Na wewe, kabla hujaikunja barua hii, nataka usome tena haya, uyasome hata kila siku mpaka yakukae. Uliubandua waya wako. Uliukunja mara mbili. Uliutia mfukoni mwa mkoba, ukafunga vifungo vyote viwili, na ukashuka ngazi ukipiga mluzi. Kila ulichokikumbuka kilitokea hivyohivyo. Akili yako ni nzima, kaka, na ilikuwa nzima siku zote.

Ni mimi,
mdogo wako.